Nyumba Tuliyoiruka

Daftari la mahudhurio la Jumuiya ya Mtakatifu Martha nililishika mimi kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyethubutu kuniambia nimekosea. Lilikuwa na jalada gumu jeusi. Mistari niliichora mwenyewe kwa rula, wino wa bluu kwa aliyekuja, mwekundu kwa asiyekuja. Kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tulisali katika nyumba moja, wiki inayofuata nyumba nyingine, mpaka tunamaliza kaya zote za mtaa wetu huku juu Uru, kisha tunaanza upya. Mtu akiingia tumeshamaliza wimbo wa mwanzo, nilimwandikia nusu. Nikiwapa mgongo waliniita hakimu. Nilijua, na nilifurahi.

Kwa asiyejua mambo yetu, Mkatoliki huku kwetu hazikwi na padre mpaka jumuiya yake iandike barua kwamba alikuwa mtu wao na alisali nao. Barua huandikwa na katibu. Katibu nilikuwa mimi, Monica, au Mama Julius kama wanavyoniita, na ninaandika haya kwa sababu ya uongo mfupi niliousema kwenye simu, nikiwa nimesimama uani kwangu na kuku wananizunguka miguuni.

Kornelia aliolewa mtaani kwetu akitokea Tarakea, kule Rombo mpakani. Alikuwa binti mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na tulimtania kwamba amezoea kupigia kelele Wakenya sokoni. Akazaa binti mmoja, Lucky, ambaye sasa ameolewa Arusha, na tangu hapo tukamwita Mama Lucky. Mumewe, Ildefonce, alikuwa na kihamba, shamba dogo la ukoo lenye kahawa na migomba, ng'ambo ya korongo. Miaka sita iliyopita alipanda mti wa mgrevilea kupunguza matawi yaliyozidisha kivuli kwenye kahawa, tawi alilokanyaga likavunjika, akaanguka chali juu ya mawe ya mfereji. Walimkimbiza hospitali ya Mawenzi, mjini. Alirudi baada ya miezi miwili akiwa na uhai kuanzia kiunoni kwenda juu tu, na madaktari wakasema hivyo ndivyo atakavyokuwa.

Tulikwenda kumwona, jumuiya nzima, tukiwa na unga wa uji, sukari na sabuni. Hiyo mara ya kwanza ndiyo ikawa ya mwisho. Njia ya kwenda kwao inashuka korongoni, inavuka mfereji kwa gogo moja, halafu inapanda. Masika yalikuwa yameanza. Wakati wa kurudi niliteleza nikakaa kwenye tope mbele ya watu, na mama mmoja akacheka. Isitoshe, Ildefonce alikuwa bado hajazoea mpira wa mkojo na chumba chake kilikuwa na harufu. Nilipofika nyumbani nilioga, nikafungua ratiba ya zamu za nyumba, na mbele ya jina lao nikaandika: Wana mgonjwa, warukwe.

Jumamosi iliyofuata niliwatangazia wenzangu kwamba si vizuri tumbebeshe Mama Lucky mzigo wa kutuchemshia chai wakati ana mgonjwa ndani. Wote wakaitikia kwamba hiyo ni huruma. Mwenyekiti wetu, Mzee Basili, ambaye sikio moja halisikii kabisa na la pili husikia linapotaka, alinisifu mbele ya watu.

Basi sisi hatukwenda kwake. Na yeye hakuweza kuja kwetu, kwa kuwa saa kumi na mbili asubuhi ndiyo saa ya kumgeuza mumewe, kumwosha na kumbadilishia shuka. Karibu kila Jumamosi nikamwekea alama nyekundu. Nikamaliza ukurasa, nikafungua mwingine, na mkono wangu haukusita hata mara moja.

Ngoja niseme yote. Haikuwa utelezi na harufu tu. Kornelia alinikera.

Mume wangu Filbert alifariki mwaka uliotangulia ajali ile, kwa ugonjwa wa wiki tatu. Nilivaa nyeusi mwaka mzima, na nikaendelea kununa miaka miwili zaidi baada ya kuivua. Watu walinipisha njiani. Niliona hivyo ndivyo mtu mwenye majonzi anavyotakiwa kuwa. Halafu ninakutana na mwanamke ambaye mumewe hawezi hata kujigeuza kitandani, amebeba mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, anaanza kucheka tangu ng'ambo ya mfereji.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama Julius!"

"Milele, amina. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Tunamshukuru Mungu! Leo amenigombeza eti nimezidisha chumvi kwenye mtori. Mtu anayegombea mtori, huyo yupo sana."

Siku moja alinisimamisha, akatua mzigo, akanieleza namna wanavyoishi. Daktari alikuwa amemwambia amgeuze mgonjwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asije akapata vidonda vya mgongoni. Mwanzoni alikuwa akisahau, au akiamka usiku analia kwa uchovu. Ndipo wakakubaliana na mumewe kwamba kila wakimgeuza watasali tendo moja la Rozari, yeye akiongoza na Ildefonce akiitikia.

"Matendo ya uchungu tunayaanza usiku, asubuhi tunayamaliza kabla ya chai," alisema. "Hatutaki yatulalie mchana kutwa. Mgongo wake ukiuona, Mama Julius, utafikiri wa mtoto mchanga. Hata daktari Mawenzi ameshangaa. Nimemfungia kamba kwenye boriti, anajivuta anakaa, nampa ungo anachambua kahawa. Mwaka huu kahawa yetu haina punje mbovu hata ya dawa."

"Mungu mkubwa," nilisema, nikitafuta njia ya kuondoka.

"Na nyie mnakuja lini kusali kwetu?"

"Ratiba itawafikia."

"Sawa, mama. Sisi tupo."

Aliniuliza hivyo mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Baadaye akaacha kuuliza, akawa anasema tu, "Sisi tupo," na kupita na mzigo wake. Mimi nikawaambia wanawake wenzangu, "Yule hana shida. Angekuwa na shida tungemwona kanisani anapiga magoti analia." Walicheka kidogo, kwa kuwa waliniogopa. Nilisikia pia kwamba mama mmoja wa Pasua, kule mjini, Bi Sikudhani, Mwislamu anayenunua ndizi kwa Kornelia, anavuka lile gogo kila mwezi kumletea Ildefonce mafuta ya kupaka na habari za mjini. Nikasema, "Huyo anafuata ndizi." Ndivyo nilivyokuwa.

Paroko wetu wa zamani alimjua Ildefonce. Alikuwa akimpelekea Komunyo mwenyewe, kwa pikipiki mpaka korongoni, kisha kwa miguu. Mwaka jana akahamishwa, akaja padre kijana asiyemjua mtu, naye akaomba kila jumuiya impe orodha ya wagonjwa wake. Niliinakili orodha kutoka kwenye ratiba ya zamu, na waliorukwa hawakuwamo kwenye zamu. Sikufanya kusudi. Lakini wiki ya pili nilikumbuka, na kalamu ilikuwa mkononi, na sikuongeza jina. Ningeliongeza, padre angeuliza kwa nini halikuwapo tangu mwanzo. Kornelia alinitumia ujumbe mara mbili kwenye simu akiuliza Padre mpya watamwona lini. Nikamjibu, "Nimeshampelekea majina." Akanirudishia alama za mikono ya kusali na neno asante.

Ildefonce alifariki Jumanne asubuhi, mwezi wa saba, kwa homa ya mapafu. Nilikuwa shambani nachuma kahawa simu ilipoita. Mchana, mdogo wa marehemu, Yakobo, akaja kwangu na kofia mkononi.

"Shikamoo, Mama Julius."

"Marahaba. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Nimekuja kwa ajili ya barua. Mazishi ni Alhamisi."

Nilitoa daftari. Sikuwa na haja ya kulitoa, nilijua kilichomo, ila nilitaka alione. Kurasa za miaka sita, na mbele ya jina la kaya yao wino mwekundu kutoka juu mpaka chini, isipokuwa mara saba au nane hivi ambazo Lucky alikuja likizo akakaa na baba yake ili mama yake aje kusali. Yakobo alitazama.

"Lakini mama, wewe unajua kwa nini."

Nilijua. Nikampeleka kwa Mzee Basili, nikitumaini kwamba mwenyekiti atakata shauri na mimi nibaki nimenawa mikono. Mzee Basili akasikiliza kwa sikio lake zuri, akasema, "Wewe ndiye mwenye daftari, mama. Useme wewe." Watu watatu wanne wa jumuiya walikuwapo. Kila mmoja alikuwa ameshiriki kuiruka nyumba ile, na kila mmoja alikuwa anangoja mwingine aanze.

"Utaratibu ni utaratibu," nilisema.

Saa kumi jioni Padre alinipigia. Nilikuwa nawarushia kuku mahindi.

"Mama Katibu, ndugu wa marehemu Ildefonce wamekuja hapa bila barua. Jina lake silioni kwenye orodha ya wagonjwa uliyonipa, na wao wanasema alilala miaka sita. Nataka kuelewa. Jumuiya ilikuwa ikienda kwake?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Ningesema, hapana Baba, hatukwenda, kosa ni letu, Ildefonce angezikwa na Misa, na mimi ningeaibika wiki mbili, tatu, yakaisha. Nikamwona akilini yule paroko kijana akilitaja jina langu kwenye mahubiri. Nikawaona wale wanawake niliowaandikia nusu.

"Tulikuwa tunakwenda, Baba. Wao ndio hawakuwa watu wa sala."

"Walikataa sala?"

"Walijitenga, Baba."

"Nasikitika kusikia hivyo. Basi nitamwombea," akasema, na simu ikakatika. Nikaendelea kuwarushia kuku mahindi mpaka nikaona wameshiba na wanayaacha.

Alhamisi tulikwenda kuzika. Korongo lilikuwa kavu na gogo lilikuwa gumu, mtu angeweza kulivuka amefumba macho. Kaburi lilichimbwa kihambani, pembeni ya baba yake Ildefonce, katikati ya migomba. Hapakuwa na padre, wala katekista, wala ubani. Sisi watu wa jumuiya tulisimama nyuma kabisa, na nilisikia wageni kutoka Tarakea wakinong'ona wakiuliza marehemu alikuwa amemkosea nini Mungu.

Nilitegemea Kornelia alie, apige kelele, anitaje kwa jina. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo na majibu nilikuwa nayo. Alisimama kichwani pa jeneza, kitenge kimefungwa vizuri, macho yamevimba, akatutazama wote.

"Ndugu zangu, asanteni kwa kuja," alisema. "Leo hatuna Padre. Mnamjua Baba Lucky. Angekuwa amekaa hapa angesema, basi kama Padre hakuna, angalau muimbe vizuri."

Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Akaanzisha wimbo kwa ile sauti yake ya sokoni, akasoma Injili kutoka kwenye kitabu kilichochakaa, akaeleza kwamba mume wake alilala miaka sita na hakupata kidonda hata kimoja, na kwamba katika miaka hiyo walicheka zaidi kuliko walipokuwa wazima wote wawili, maana zamani kila mmoja alikuwa na haraka zake. Alisema kuna siku walikata tamaa, asidhani mtu kwamba hazikuwapo. Siku hizo walisali vilevile, vibaya vibaya, wakipitiwa na usingizi katikati, na asubuhi walikuta wamefika.

Kisha akatoa rozari.

"Jumanne saa kumi alfajiri tulisali tendo la nne la uchungu. Saa kumi na mbili nikamgeuza, nikaanza la tano, Yesu anakufa msalabani. Hakuitikia. Basi la tano halikusaliwa. Naomba mniitikie."

Tukamwitikia, Salamu Maria kumi, umati mzima, na Bi Sikudhani amesimama upande wa wanawake na viganja vyake vimefunguliwa juu kwa namna ya dini yake. Nami niliitikia. Nilipofika "utuombee sisi wakosefu" nilificha uso kwenye kanga, na mwanamke aliyekuwa karibu yangu akanishika bega akidhani namlilia marehemu.

Siku zilizofuata sikula vizuri. Nilijitia kazi za shamba, nikamfokea msichana wa kazi, nikajitoa kwenye kundi la jumuiya kwenye simu kisha nikaomba nirudishwe. Nilijiambia kwamba Mungu hahitaji barua ya katibu kumpokea mtu, na hilo ni kweli, lakini halikunisaidia chochote. Jumamosi nilipoamka sikwenda kwenye zamu ya sala. Nilishuka korongoni peke yangu, giza likiwa linaondoka, nikavuka gogo.

Nilikuta uwanja umefagiliwa. Mabenchi mawili na vigoda sita vimepangwa kwa duara mbele ya mlango, meza ndogo ina kitambaa cheupe na msalaba, na chupa ya chai iko pembeni. Kornelia alikuwa anawasha mshumaa.

"Karibu, Mama Julius! Umewahi."

"Unangoja wageni wa pole?"

"Ni Jumamosi," alisema, akashangaa kwamba nauliza. "Tunapanga hivi kila Jumamosi. Baba Lucky alikuwa anasema, jumuiya ikipita bila taarifa isitukute tumekaa hovyo. Saa moja ikifika hamjaja, tunasali wawili, halafu tunainywa chai yote. Ndiyo maana sisi wa nyumba hii tumenenepa." Akacheka, kisha kicheko kikamwishia njiani, akakaa kwenye kigoda. Nami nikakaa.

Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu kitandani. Akanitangulia.

"Nimefurahi umekuja, kuna jambo nataka nikuulize wewe," alisema. "Baba Lucky hakuogopa kufa. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamkosesha usingizi, kuzikwa bila Padre. Paroko wa zamani alipoondoka ndiyo hofu ikazidi. Nikamwambia, wewe acha wasiwasi, katibu wetu ni Mama Julius. Ni mkali, lakini ni mtu wa haki. Ana daftari, anajua kila nyumba na shida yake, hawezi kukuacha. Basi akawa analala. Hata usiku ule wa mwisho alilala." Alifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Sasa sijui huko ofisini walikosea wapi. Yakobo ananiambia utaratibu, utaratibu, haelezi. Nikasema nitamngoja Mama Julius, yeye atajua."

Alinitazama usoni akingoja jibu. Hakuwa ananitega. Laiti angekuwa ananitega.

Nikamwambia. Nikamwambia habari ya tope na harufu na neno warukwe, orodha ya wagonjwa, ujumbe niliomjibu, na simu ya Padre, neno kwa neno. Nilimwambia hata kwamba kicheko chake kilinikera. Sikulia, niliona sina haki ya kulia mbele yake.

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu Kornelia, uso wake haukuwa na hata dalili ya furaha, na niliona jinsi alivyozeeka. Aliinuka, akaenda bandani kwa ng'ombe. Nilimsikia akilia huko, kilio kirefu cha mtu aliyejizuia tangu mazishi, na ng'ombe akimjibu akidhani analetewa majani. Mshumaa uliisha nusu. Nilitaka kuondoka, nikaogopa kwamba nikiondoka sitarudi tena.

Aliporudi alikuwa amenawa uso.

"Nimekusamehe," alisema. "Nasema kwa mdomo tu, moyo bado haujafika. Nitausubiri, najua utakuja, huwa unakuja. Miaka sita sijawahi kuamka nikiwa nimefurahi, Mama Julius. Naamka, namwomba Mungu anipe furaha ya siku hiyo, halafu naanza kucheka kabla haijafika. Wewe ulidhani ninayo tele."

"Nisamehe."

"Nimeshasema. Sasa chukua hilo daftari lako uende kwa Padre, umwambie kama ulivyoniambia mimi. Lakini kwanza tusali, saa imepita."

Tukasali, watu wawili na viti vitupu. Chai tuliinywa yote.

Padre alinisikiliza mpaka mwisho na hakunigombeza. Alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye wino mwekundu, akauliza ni nyumba ngapi nyingine zimerukwa. Zilikuwa tatu. Aliniambia nitaje mbele ya jumuiya nilichofanya, na nilipowataja wenzangu kwamba nao walijua, akasema wao watajisemea. Nilisimama Jumamosi iliyofuata nyumbani kwa Mzee Basili nikasema. Nilijua kuna watakaofurahi, na walikuwapo. Daftari nikaliacha mezani. Hakuna aliyetaka kulichukua.

Wiki iliyofuata Padre alivuka gogo, mavazi ya Misa yakiwa kwenye mfuko wa plastiki, jumuiya yote nyuma yake, mpaka Mzee Basili aliyeshikwa mikono na vijana wawili. Nyumba yao haikutosha, tukajaa uwanjani na chini ya migomba. Misa ilisomwa palepale. Kisha tukaenda kaburini, Padre akalibariki, akalinyunyizia maji ya baraka na kufukiza ubani, akaomba msamaha kwa niaba ya parokia. Watu waliimba vizuri kama ambavyo Ildefonce angetaka.

Walipoanza kutawanyika nilibaki hatua chache nyuma ya Kornelia. Aliinama, akaondoa majani makavu ya mgomba yaliyoangukia udongo, akaupigapiga kwa kiganja kama anavyofanya mtu anayemwamsha mwenzake taratibu.

"Baba Lucky," alisema, "si nilikwambia? Mama Julius amemleta Padre."

Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli. Sikuiona, na ningeshukuru kama ningeiona.